Umeme, Chumvi na Unyuzi Mmoja: Tahakiki ya Lugha ya Kiswahili katika Kueleza Neva na Mwendo wa Potasiamu

1. Utangulizi

Maelezo ya neva kwa Kiswahili, yawe ya darasani, ya zahanati au ya vipindi vya afya vya redio, husimama juu ya maneno matatu: mshipa, umeme na chumvi. Husemwa kwamba mshipa wa fahamu hupeleka taarifa, kwamba taarifa hiyo ni umeme, na kwamba mwili ulioishiwa maji hurudishiwa chumvi. Hakuna neno hata moja kati ya hayo lililo la uongo. Hata hivyo, tahakiki hii inadai kwamba maneno hayo yakikaa pamoja huficha jambo ambalo wanafiziolojia walihitaji zaidi ya nusu karne kulibaini. Jambo hilo ni kwamba umeme wa neva hausafirishwi kutoka mbali, bali huzaliwa upya hatua kwa hatua. Tena huzaliwa kwa kuhama kwa chumvi mbili tofauti, sodiamu na potasiamu, zinazovuka ukuta wa unyuzi kwa kupishana.

Dai la pili linafuata la kwanza. Upungufu unaohakikiwa hapa si ufukara wa Kiswahili. Lugha hii na jamii zinazoizunguka zina maarifa ya kutenganisha chumvi hizo mbili, na Afrika Mashariki yenyewe ndiyo iliyotoa sumu ambayo kwayo pampu ya potasiamu ilichunguzwa. Tatizo ni uteuzi wa maneno.

Mahali pa kuyasikilizia maneno haya ni Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa. Mji huu hautumiki hapa kama uwanja wa takwimu, bali kama muktadha wa maana: neno la kitaalamu hupokelewa na msikilizaji mwenye mahali pake, na mahali hapo hulipa neno picha kabla mwalimu hajatoa fasili.

2. Mkabala

Lakoff na Johnson (1980) walionesha kwamba sitiari ni njia ya kufikiri, si pambo la usemi tu, na kwamba kila sitiari huangaza upande mmoja wa jambo huku ikiuficha mwingine. Kwa msingi huo, swali linaloulizwa kuhusu kila neno hapa chini si kama ni zuri, la kale au la kukopa. Linaloulizwa ni hili: je, neno hili humwezesha msemaji kutofautisha vitu ambavyo sayansi imelazimika kuvitofautisha?

Kigezo hiki kinakamilisha mijadala iliyotangulia badala ya kuipinga. Kuanzishwa kwa BAKITA mwaka 1967, kazi ya Mwansoko (1990) kuhusu istilahi za isimu na fasihi, na kuchapishwa kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia na TUKI mwaka 1990 ni hatua zilizothibitisha kwamba istilahi za kitaalamu zinaweza kuundwa na kusanifishwa kwa Kiswahili. Kinachobaki ni kuhakiki namna istilahi hizo zinavyofanya kazi zikitumika pamoja katika maelezo kamili. Kamusi huorodhesha neno mojamoja, ilhali msikilizaji hupokea sentensi.

3. Mshipa: picha ya mfereji

Neno mshipa katika Kiswahili hubeba maana nyingi. Ni njia ya damu, ni neva, ni ukano, na katika usemi wa kila siku ni ugonjwa wa ngiri. Istilahi mshipa wa fahamu hujaribu kupunguza utata huo kwa kuongeza kivumishi, na kwa kiasi fulani inafaulu: msikilizaji anajua kwamba hazungumziwi damu. Lakini kivumishi hakiondoi umbo la picha. Mshipa wa damu ni mfereji, na kitu hupita ndani yake kwa urefu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji wa Namanyere aliyewahi kumwona mbuzi akichinjwa anajua vizuri kinachotoka mshipani.

Kwa damu picha hiyo ni kweli. Kwa neva inapotosha mwelekeo wa tukio lenyewe. Katika unyuzi wa neva, mwendo wa ioni uletao umeme si wa kwenda kwa urefu kama maji ya mfereji. Ni mwendo wa kukata utando, kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kwenda nje. Kinachosafiri kwa urefu ni zamu ya milango kufunguka. Mwanafunzi anayebeba picha ya mfereji hana mahali pa kuiweka potasiamu: akiambiwa kwamba inatoka nje ya unyuzi, ataelewa kwamba mfereji umetoboka.

Neno neva, ambalo limekwisha kuenea, halina kosa hilo kwa sababu halina picha yoyote. Ubaridi wake ni udhaifu kwa mwandishi wa fasihi, ila ni faida kwa mwalimu wa biolojia, kwani humpa nafasi ya kujenga picha sahihi tangu mwanzo.

4. Umeme: picha ya waya

Neno umeme ndilo lenye nguvu zaidi kati ya hayo matatu, na ndilo linalohitaji uchambuzi mrefu zaidi. Kwa miaka mingi Sumbawanga imepata umeme kutoka Zambia. Kwa mkazi wa mkoa huu, umeme ni kitu kinachotoka mbali, hupita kwenye waya, na ukikatika huko utokako, nyumba zote huingia gizani mara moja. Akisikia kwamba neva ni umeme, ubongo unakuwa kituo cha kuzalishia, neva inakuwa waya, na kupooza kunakuwa kukatika kwa umeme.

Historia ya sayansi inaonesha kwamba kosa hilo si la mkazi wa Rukwa peke yake. Galvani alipochapisha kazi yake juu ya miguu ya chura mwaka 1791 alifungua mlango wa kudhani kwamba neva ni kipitishio cha umeme. Dhana ya waya ilitikiswa mwaka 1850, wakati Helmholtz alipopima mwendo wa msukumo katika neva ya chura na kupata makumi machache tu ya mita kwa sekunde. Kasi hiyo ni ndogo mno kulinganishwa na ya umeme katika waya wa shaba. Mwaka 1902 Bernstein alipendekeza kwamba umeme wa neva iliyotulia unatokana na utando unaoruhusu potasiamu kupita kuliko ioni nyingine. Potasiamu ni nyingi ndani na chache nje, hivyo huelekea kutoka. Kwa kuwa hubeba chaji chanya, huuacha upande wa ndani ukiwa hasi.

Nadharia hiyo haikuweza kupimwa barabara kwa neva nzima, ambayo ni fungu la nyuzi nyingi zenye kupiga kwa nyakati tofauti. Ilihitajika kuupata unyuzi mmoja. Mwaka 1936 J. Z. Young alielekeza macho ya watafiti kwenye nyuzi kubwa za ngisi, zenye kipenyo kinachoweza kufikia nusu milimita na zaidi. Mwaka 1939, huko Plymouth nchini Uingereza, Hodgkin na Huxley waliingiza elektrodi ndani ya unyuzi wa namna hiyo na kupima volteji kutoka ndani. Walichokiona kilipita utabiri wa Bernstein: wakati wa msukumo, volteji ya ndani haikufika sifuri na kukoma, bali ilivuka ikawa chanya. Hodgkin na Katz (1949) walieleza kwamba kuvuka huko kunatokana na sodiamu kuingia. Katika makala zao za mwaka 1952, Hodgkin na Huxley waliupanga mfuatano wote: mlango wa sodiamu hufunguka kwanza na volteji hupanda, kisha njia ya potasiamu hufunguka kwa kuchelewa kidogo, potasiamu hutoka, na volteji hurudi chini.

Kwa hiyo potasiamu ina kazi mbili ambazo neno umeme halizioneshi. Ndiyo inayoweka hali ya utulivu, na ndiyo inayorudisha utulivu baada ya kila msukumo. Bila ya kutoka kwake kwa wakati, unyuzi ungechelewa kuwa tayari kwa msukumo unaofuata. Kwa maneno mengine, kile kinachoitwa kwa ujumla "umeme" ni mazungumzo ya chumvi mbili, na mmoja wa wazungumzaji hatajwi.

Picha inayofaa zaidi ipo kwenye uwanda wa Ufipa wenyewe. Moto unaowashwa ukingoni mwa nyika wakati wa kiangazi hausafirishwi na waya. Kila shada la nyasi huwaka kwa nishati yake lenyewe, likiwashwa tu na jirani yake. Moto huenda mbali bila kufifia kwa sababu unazaliwa upya kila mahali unapofika, na haurudi nyuma kwa kuwa palipoungua hapawaki tena kwa wakati huo. Sifa hizo tatu, yaani kuzaliwa upya, kutofifia na kutorudi nyuma, ndizo sifa za msukumo wa neva. Picha hii nayo ina upande inaouficha: nyasi huhitaji msimu mzima kuota tena, ilhali unyuzi hurejea katika hali yake kwa milisekunde chache. Lakini kosa la muda husahihishwa kwa sentensi moja. Kosa la waya halisahihishiki bila kuuvunja mfano wote.

5. Kiasi kinachotoka

Nguvu ya majaribio ya unyuzi mmoja ilikuwa kwamba yaliruhusu kuhesabu. Keynes (1951), akitumia sodiamu na potasiamu zenye mnururisho katika nyuzi za dome, alionesha kwamba ioni zinazovuka utando katika kila msukumo ni chache sana: potasiamu inayopotea ni takribani pikomoli 4 kwa kila sentimita ya mraba ya utando. Unyuzi wa ngisi wenye kipenyo cha nusu milimita huwa na potasiamu ya takribani milimoli 400 kwa lita ndani, wakati damu ya ngisi ina takribani milimoli 20. Ukipiga hesabu, msukumo mmoja humwaga chini ya sehemu moja katika milioni ya akiba hiyo.

Hodgkin na Keynes (1955) walikwenda hatua moja mbele. Waliipa nyuzi sumu inayozuia uzalishaji wa nishati ya seli. Kutolewa kwa sodiamu kulipungua sana, lakini nyuzi ziliendelea kupitisha misukumo. Akiba ilikuwapo, aliyenyamaza ni yule anayeirudisha akiba mahali pake. Matokeo haya yanaipinga picha ya waya kuliko hoja yoyote ya nadharia. Umeme wa gridi ukikatika, taa huzimika papo hapo. Neva ikikatiwa nishati huendelea kwa muda, kisha huchoka kadiri tofauti ya chumvi kati ya ndani na nje inavyopungua. Mgonjwa anayeambiwa kwamba "umeme umekatika" amepewa maelezo ya tukio la ghafla, ilhali magonjwa mengi ya chumvi za mwili ni ya kudhoofika polepole.

6. Chumvi: neno moja kwa vitu viwili

Hapa ndipo lugha inapogusa uhai. Nkasi ina mwambao mrefu wa Ziwa Tanganyika, na magonjwa ya kuharisha si mageni huko. Tuchukulie mfano wa kubuni. Mama amemfikisha mtoto zahanati baada ya siku kadhaa za kuharisha. Nyumbani amekuwa akimpa maji yenye chumvi na sukari, kama alivyoelekezwa zamani. Mtoto hana kiu tena, lakini shingo yake inalegea, tumbo limejaa na halisikiki likiunguruma, na mikono haina nguvu. Mama anauliza swali la haki: "Chumvi nimempa, daktari, mbona hana nguvu?"

Swali hilo halijibiki kwa neno chumvi. Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu. Kuharisha huondoa mwilini sodiamu na potasiamu zote mbili, na mchanganyiko wa nyumbani wa chumvi na sukari haurudishi potasiamu. Vipakiti vya ORS vya fomula iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2002 huwa na gramu 2.6 za kloridi ya sodiamu na gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja ya maji, pamoja na sitrati na glukosi. Kwa Kiswahili cha kliniki maji hayo huitwa maji ya chumvichumvi. Uradidi huo hupunguza ukali wa neno; hautaji chumvi ya pili. Mama aliyesikia "chumvichumvi" ana kila sababu ya kuamini kwamba kijiko chake cha chumvi kinafanya kazi ileile ya kipakiti.

Sababu ya udhaifu wa mtoto huyo inaelezwa na fiziolojia ileile ya utando, ambayo haihusu neva tu bali misuli pia. Kwa binadamu, potasiamu ni takribani milimoli 140 kwa lita ndani ya seli na 4 nje. Tofauti hiyo huielekeza volteji ya utando kwenye takribani milivolti 95 hasi. Potasiamu ya nje ikishuka hadi 2, kiwango hicho husogea hadi takribani milivolti 113 hasi. Utando huvutwa mbali zaidi na kizingiti cha kuamka, na msuli hauitiki wito kwa urahisi. Ikipanda kupita kiasi, hatari hugeuka na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana matibabu ya potasiamu huhitaji kipimo na uangalizi. Jambo la kuelezwa kwa mama, basi, ni sentensi moja: mtoto amepoteza chumvi mbili, na umemrudishia moja.

Je, Kiswahili kina namna ya kuisema chumvi hiyo ya pili? Kijiografia Ufipa ipo kati ya vyanzo viwili mashuhuri vya chumvi ya kale: Uvinza, upande wa Kigoma, na Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Vyote viwili vilitoa chumvi ya maji ya ardhini yaliyochemshwa, ambayo kwa sehemu kubwa ni chumvi ya sodiamu. Lakini sehemu nyingi za bara zilijua pia njia nyingine, yaani kuchuja majivu ya mimea na kuyachemsha maji yake. Chumvi ya majivu ina potasiamu kwa wingi, kwa kuwa mimea hukusanya potasiamu zaidi ya sodiamu. Maarifa hayo ndiyo yaliyozaa hata jina la kimataifa. Davy alipoitenga elementi hiyo mwaka 1807 aliita potasiamu kutokana na majivu yaliyochemshwa chunguni, na alama yake K inatokana na neno la Kiarabu la majivu ya mimea, ambalo lisichanganywe na kivumishi cha Kiswahili -kali.

Hivyo basi tofauti ya sodiamu na potasiamu, iliyoonekana kuwa ya maabara tu, ina mzizi katika maarifa ya jikoni: chumvi ya chemchemi na chumvi ya majivu. Haipendekezwi hapa kwamba majivu yatumike kama dawa. Uchanganyiko wake hubadilika kwa mmea na kwa mahali, na baadhi ya vilivyomo huunguza. Kinachopendekezwa ni kwamba mwalimu au muuguzi aanzie kwenye tofauti hiyo ili neno potasiamu lipate mahali pa kukaa akilini.

7. Msunguti: sumu iliyoisimamisha pampu

Ushahidi wa pili kwamba eneo hili halikuwa mgeni katika elimu ya potasiamu unatoka kwenye mti uitwao msunguti. Utomvu wake uliochemshwa hadi kuwa mzito ulipakwa kwenye mishale na wawindaji wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Mwaka 1888 Arnaud alitenga kutoka katika miti ya jamii hiyo kiini cha sumu kilichoitwa ouabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mishale.

Mwaka 1953 Schatzmann alionesha kwamba sumu za kundi hilo huzuia usafirishaji wa sodiamu na potasiamu katika chembe nyekundu za damu. Mwaka 1957, huko Aarhus nchini Denmark, Skou alieleza kimeng'enya kutoka neva za kaa ambacho kilihitaji sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Kuzuiwa kwa kimeng'enya hicho na ouabaini kukawa ithibati kwamba ndicho pampu yenyewe: hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili kwa kila mzunguko. Skou alishiriki Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya mwaka 1997 kwa ugunduzi huo.

Kwa tahakiki ya lugha, kisa hiki kina uzito maalumu. Vitabu vya fiziolojia duniani kote vina neno la Pembe ya Afrika katikati ya maelezo ya neva. Lakini mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, anayesoma biolojia kwa Kiingereza baada ya kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, hukutana na ouabaini kama neno la kigeni. Hakuna kinachomwambia kwamba ni sumu ya mti wenye jina la Kiswahili.

8. Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba mifano ni ngazi tu: mwanafunzi huipanda na kuiacha. Dai hili lina ukweli kwa mwanafunzi atakayefika chuo kikuu. Halina ukweli kwa mama wa mwambaoni, ambaye mfano ndio elimu yote atakayopewa. Pingamizi la pili ni kwamba neno umeme haliwezi kuachwa, kwa kuwa volteji hupimwa kweli. Tahakiki hii haitaki liachwe. Inataka lishushwe cheo, kutoka chanzo hadi matokeo. Isisemwe kwamba umeme husafirisha taarifa. Isemwe kwamba chumvi mbili zikipishana kwenye utando, umeme hutokea.

9. Hitimisho

Maneno mshipa, umeme na chumvi yamehakikiwa kwa kigezo cha kutofautisha, na kila moja limeonekana kufuta tofauti moja ya msingi. Mshipa hufuta tofauti ya kupita kwa urefu na kuvuka utando, umeme hufuta tofauti ya kuletwa na kuzaliwa upya, na chumvi hufuta tofauti ya sodiamu na potasiamu. Mapendekezo yanayotokana na uchambuzi huu ni matatu. Neva litumike badala ya mshipa wa fahamu katika maandishi ya mafunzo. Mfano wa moto wa nyika utangulie mfano wa waya. Na katika elimu ya afya, maji ya kipakiti yaitwe maji ya chumvi mbili, ili jina lenyewe liseme kile ambacho kijiko cha jikoni hakina. Pendekezo la tatu ndilo dogo zaidi kwa uzito wa isimu, na ndilo lenye haraka zaidi, kwa kuwa mama aliyeuliza kwa nini mtoto hana nguvu anastahili jibu linaloeleweka kwa lugha aliyoulizia.